Kumheshimu baba mwanajeshi mstaafu angali hai: mwongozo kamili kwa familia za Nyanda za Juu Kusini

Hudhuria msiba wowote wa mzee aliyekuwa jeshini, iwe Tukuyu, Mbalizi au Mafinga, usikilize wasifu wake ukisomwa. Sehemu ya utumishi huwa sentensi mbili: "Alijiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwaka 1974. Alistaafu kwa heshima mwaka 1995." Msomaji anameza mate, anahamia kwenye idadi ya watoto na wajukuu. Imani nayo inapewa sentensi moja: alikuwa Mkristo mwaminifu. Wazee wenzake waliokaa nyuma kwenye mabenchi wanatazamana tu, maana wao wanajua kilichoachwa.

Kazi ya kujaza sentensi hizo inafaa ifanyike mzee akiwapo, akisikia, akisahihisha, na pale anapotaka akikataa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati vita vya Kagera vinaanza mwaka 1978 sasa yuko mlangoni mwa miaka 70, na wengi wameshauvuka mlango huo. Hapa chini nimeeleza namna ya kuifanya, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Ongea na mama kwanza, halafu mwombe baba ruhusa

Mama ndiye anayejua usiku wa mzee ulivyo. Anajua kama bado anashtuka usingizini, kama kuna mwezi fulani wa mwaka anapokuwa mkimya, kama kuna jina asilopenda kulisikia. Mkae naye jikoni mumuulize. Naye ana haki yake katika jambo hili: mume alipokuwa mbele, yeye ndiye aliyelima, aliyelea na aliyepokea barua au kuzikosa. Kama mama ametangulia mbele za haki, muulizeni shangazi au baba mdogo.

Kisha nendeni kwa baba. Msimpangie sherehe ya kumshtukiza. Watu wa mjini wanazipenda sana siku hizi, taa zinazimwa halafu ukumbi mzima unapiga kelele. Kwa mtu aliyelala kwenye handaki huku makombora yakipita juu yake, hiyo si zawadi. Fataki nazo ziacheni, pamoja na maputo ya kupasuliwa.

Mtoto wa kwanza aseme, au yule ambaye mzee humsikiliza zaidi (kila familia ina mmoja, na si lazima awe mkubwa). Maneno yawe mepesi: "Baba, tunataka wajukuu wajue ulikotumikia na jinsi Mungu alivyokutunza. Wewe ungependa tufanye nini? Na nini tusifanye?" Swali la pili lina uzito kuliko la kwanza. Akijibu "Niacheni na hayo mambo," muacheni. Mara nyingi atayarudia mwenyewe baadaye, mkiwa shambani au mnaota moto, bila kuulizwa. Asipoyarudia, hatua ya 6 bado inawahusu.

Hatua ya 2: Kusanyeni karatasi, picha na medali

Anzeni na namba ya jeshi. Kwa askari wa kawaida huanza na herufi MT, na mzee wako ataitamka bila kukosea hata kama amesahau mwaka uliozaliwa. Mzee wangu huwa anaitamka akiwa amenyoosha mgongo, hata akiwa kitandani na malaria. Iandikeni mahali pa kudumu, kwa sababu ndiyo itakayofungua kila jalada litakalotafutwa siku za mbele.

Baada ya namba, tafuteni hati ya kustaafu, barua za kupandishwa cheo, vyeti vya kozi, kitambulisho cha zamani, cheti cha ubatizo na cha kipaimara, cheti cha ndoa. Kwa nyumba zetu vitu hivi vinakaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na hati ya shamba. Unyevu wa Rungwe unaviharibu upesi. Mkiona karatasi zimegandana msizibandue kwa nguvu, zitandazeni kivulini zikauke zenyewe. Pigeni picha za simu karibu na dirisha asubuhi, bila mwanga wa kamera, karatasi ikiwa imelala juu ya meza. Nakala moja ikae kwenye simu ya mtu, nyingine kwenye barua pepe au kwa ndugu aliye mkoa mwingine.

Medali msizisugue kwa majivu wala dawa ya meno ili zing'ae. Futeni vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Utepe ukiwa umechakaa uacheni ulivyo, au muulizeni yeye.

Kuna wazee ambao hawana karatasi hata moja, na hawa wasisahaulike. Jeshi lililopigana Kagera lilipanuliwa kwa maelfu ya mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza. Mgambo wengi walirudi vijijini wakiwa na majembe yao kama walivyoondoka, na hakuna aliyewapigia saluti. Kama baba yako ni mmoja wao, ushahidi wenu ni watu: tafuteni wawili watatu walioondoka naye kwenye lori lile lile, muwarekodi nao.

Hatua ya 3: Mrekodini, lakini mjue pa kuanzia

Swali la kijinga kuliko yote ni "Baba, uliua wangapi?" Wajukuu hulipenda kwa sababu ya sinema. Waambieni mapema lisiulizwe.

Anzeni mbali na vita. Nani alimsindikiza siku anaondoka nyumbani? Bibi alisema nini? Buti za kwanza zilimtosha? Kwenye mafunzo walikula nini, na kijana aliyezoea ndizi za Tukuyu au ugali na maharage ya Njombe alizoeaje? Nani alimfundisha kupiga pasi sare mpaka mstari ukate? Mtu akishakumbuka kiwiko cha sajini aliyemtesa, mengine yatafuata yenyewe.

Inasaidia msimulizi akiwa na msikilizaji anayejua mpangilio wa matukio, kwa hiyo jifunzeni kidogo. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akawaambia Watanzania kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa, kwa hiyo JWTZ ililazimika kujitengenezea njia ya kuvuka mto. Mutukula ilitekwa Januari 1979, Masaka na Mbarara Februari, kisha Machi ikaja Lukaya, ambako askari wetu walikutana na Walibya waliotumwa kumsaidia Amin. Entebbe iliangushwa mapema Aprili na Kampala tarehe 11 Aprili. Kazi ya kusafisha kaskazini mwa Uganda iliendelea mpaka mwanzoni mwa Juni.

Ukiwa na hayo kichwani unaweza kuuliza, "Baba, Lukaya mlikuwa mmeshafika au mlikuwa mnakuja nyuma?" Hapo anajua anaongea na mtu aliyejiandaa. Mtajie makamanda wa wakati ule pia. Mayunga waliyemwita "Mti Mkavu", au Musuguri aliyepewa jina la Mutukula. Ukimwona anacheka, nyamaza usikilize.

Si kila mwanajeshi mstaafu alipigana Kagera. Wapo waliokwenda Msumbiji miaka ya 1980, wapo waliovuka bahari kwenda Anjouan kule Komoro mwaka 2008, wapo waliolinda amani Darfur, na wapo waliotumikia miaka yote wakiwa wapishi, madereva, mafundi magari na wauguzi bila kusikia risasi ya adui. Mpishi aliyelisha kombania mvua ikinyesha ana habari ya kusimulia kuliko wengi wenye medali. Msimtafutie ushujaa ambao hakuudai.

Sasa upande wa vifaa. Simu ya kawaida inatosha. Iwekeni katika hali ya ndege ili asipigiwe mtu katikati ya simulizi, iwe karibu na kinywa chake, mbali na redio na kuku. Nusu saa kwa mara moja yatosha. Akianza kurudia au kusugua macho, simamisheni. Muacheni aseme kwa lugha inayomjia, Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kisafwa. Mambo mazito hutoka kwa lugha ya mama, na kutafsiri ni kazi yenu baadaye. Akilia, msiikimbilie simu kuizima na msimwambie "Jikaze, baba, wewe ni mwanajeshi." Amejikaza vya kutosha. Mshikeni mkono tu.

Na kabla ya kurusha chochote kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mumuulize. Mambo mengine ya kambini mwanajeshi huona hayamhusu raia hata baada ya miaka 40, na hiyo ni haki yake.

Hatua ya 4: Imani yake muisikilize kwa masikio yake

Hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa nia njema. Tunachukua Zaburi 91, watu elfu wataanguka ubavuni pako, tunaiandika kwenye keki na kwenye bango, tunamwita baba Yoshua. Kumbe mzee akiisikia "elfu wataanguka" anaona nyuso. Anajua majina ya waliokuwa ubavuni pake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenye dhambi kuliko yeye.

Kwa hiyo muulizeni anapenda neno gani, na muangalie Biblia yake. Biblia ya mzee ina mistari iliyopigwa kalamu, kurasa zilizolegea, pengine bahasha au jani lililokauka katikati. Humo ndimo mtakapopata somo la ibada, si kwenye simu.

Kama anataka msaada wa kuchagua, kuna sehemu zinazozungumza na askari moja kwa moja. Katika Luka 3:14 askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakimuuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi, aliwaambia, "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mshahara wenu." Akida wa Kapernaumu, Mathayo 8, alimwelewa Yesu kwa sababu alijua amri ni nini na kutii ni nini. Kornelio wa Matendo 10 alikuwa akida pia, mtu wa sala na sadaka kabla Petro hajabisha hodi. Kwa mzee mwenye mzigo wa vita kuna 1 Nyakati 22:8, ambapo Daudi, mpendwa wa Mungu, anaambiwa hatajenga hekalu kwa kuwa amemwaga damu nyingi. Wahubiri wengi huliruka neno hilo siku ya shukrani. Lakini nimeona wazee wakiinua vichwa linaposomwa, kwa sababu linakiri kwamba vita huacha kitu hata kwa mtu wa haki, na bado Daudi hakuachwa.

Jambo jingine ni kumpa nafasi ya faragha na mchungaji au padri. Yapo ambayo hatawaambia ninyi, wala mama. Mwombeni mchungaji aje siku ya kawaida, si siku ya wageni. Mumkaribishe chai, kisha nyote mtoke nje mkaangalie ng'ombe. Kama mzee hafiki tena kanisani, ombeni aletewe Chakula cha Bwana nyumbani, au komunyo kwa Wakatoliki. Jumuiya nayo iombwe kuhamishia sala yake kwenu mara moja moja.

Na kama baba aliacha kusali baada ya vita, msimsukume. Mheshimuni kwa utumishi wake, mmuombee chumbani.

Hatua ya 5: Ibada ya shukrani

Kwa nyanda zetu chagueni tarehe kwa kuangalia mawingu. Novemba hadi Mei ni mvua, na barabara za vijijini Busokelo au Ludewa zinaweza kuwafungia wageni nje. Julai barabara ni kavu, mahindi yanavunwa, na tarehe 25 ni Siku ya Mashujaa, ambapo taifa huwakumbuka waliokufa wakilitumikia, kwa mkuki na ngao, shada la maua na sala za viongozi wa dini. Tatizo la Julai ni baridi. Njombe na Makete huwa na umande unaoganda, na mzee wa miaka 75 hawezi kukaa kwenye turubai lililo wazi tangu saa mbili asubuhi. Anzeni saa nne, jua likishapanda. Tarehe nyingine nzuri ni Jumapili ya karibu na 1 Septemba, siku JWTZ lilipoanzishwa mwaka 1964. Desemba watoto wote wako nyumbani, ila mvua nayo ipo.

Mwoneni mzee wa kanisa au katekista mwezi mmoja au zaidi kabla. Mweleze wazi kwamba ni shukrani kwa Mungu kwa ajili ya utumishi wa baba, na muulizeni ni kipi kinaruhusiwa ndani ya ibada na kipi kisubiri nyumbani. Makanisa hayafanani: pengine medali na hotuba vinakubalika baada ya matangazo, pengine ibada ni ibada na hotuba ni za nje. Msibishane na mchungaji siku yenyewe mbele ya watu.

Mavazi. Mzee avae suti au koti lake safi, medali kifuani upande wa kushoto. Vijana wa kamati wasishone wala kuchapisha fulana za mabaka. Raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo ni kosa, na JWTZ limeshalikemea hadharani zaidi ya mara moja. Kitenge kimoja kwa ukoo wote kinapendeza na hakimpeleki mtu kituoni.

Wenzake ndio wageni wa heshima. Kuwapata si kazi: nendeni benki siku ya pensheni, mtawakuta kwenye foleni wakiitana afande. Au pitieni ofisi ya Mshauri wa Mgambo wa wilaya, ambaye ni daraja la karibu kati ya familia na jeshi. Kama mngependa askari walio kazini wahudhurie, barua ipite hapo au kambini, kwa adabu, bila kudai gwaride.

Msemaji wa upande wa jeshi awe mmoja tu, tena aliyetumikia naye. Mbunge au diwani akija asalimie kwa kifupi. Halafu somo, mahubiri, sadaka ya shukrani. Kisha kitu ambacho ningekitetea kuliko hotuba zote: mzee mwenyewe, akitaka, ataje majina ya wenzake waliobaki kule, wengine wamelala Kaboya mkoani Kagera, wengine hawakupatikana. Mkutano usimame. Akishindwa kuyasoma, mwenzake ampokee karatasi. Matarumbeta ya kanisa yakiwapo, yapige tenzi anayoipenda, ila mumwambie mapema yatakapoanza na mkae nayo hatua kadhaa mbali na kiti chake.

Kiti hicho kiwe na mikono ya kushikia, kiwe karibu na mlango na choo. Wazee wengi wa mizinga wamepoteza usikivu wa sikio moja. Muulizeni lipi, spika ikae upande wa lile zima. Chakula akipendacho kiwepo, hata kama wageni wote wanakula pilau na yeye anataka kande. Kuhusu ulanzi na bia, ni yeye na kanisa lake. Kama mzee ni mlokole msimdhalilishe na kreti nyuma ya nyumba.

Hatua ya 6: Heshima ya siku za kawaida

Hii ni fupi lakini ndiyo inayopimwa. Uhakiki wa wastaafu wa Hazina ukitangazwa, mtu mmoja wa familia awe na jukumu la kumpeleka, maana pensheni ikisimama mzee huona aibu kuomba. Hospitalini itumieni haki yake ya dirisha la wazee, wenye miaka 60 na kuendelea. Mpimeni macho na masikio. Msimu wa baridi msimwekee jiko la mkaa chumbani akiwa amelala na madirisha yamefungwa; hewa yake inaua kimyakimya. Blanketi zito na chupa ya maji ya moto vinatosha. Na ndoto mbaya zikizidi, au akianza kujitenga na kunywa, hiyo ni hali inayotibika, mpelekeni kwa daktari wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa, na maombi yaendelee pamoja na dawa.

Hatua ya 7: Andikeni wasifu, kisha msomeeni

Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, wana desturi ya tangu karne ya 18 ya muumini kuandika mwenyewe habari za maisha yake ili zisomwe siku ya maziko. Desturi hiyo inafaa kwa dhehebu lolote. Tumieni rekodi za hatua ya 3 na maneno ya hatua ya 4, muandike kurasa mbili au tatu. Mpishi wa kambi asiandikwe "alitumikia katika nyadhifa mbalimbali." Aandikwe kwamba alikuwa mpishi, kwamba alibeba sufuria mgongoni kutoka wapi hadi wapi, na kwamba usiku fulani alisali sala ya Bwana na Mwislamu wa Tabora aliyekuwa akiomba dua yake pembeni, kama hivyo ndivyo alivyowasimulia.

Jioni moja mkiwa wenyewe, msomeeni kwa sauti. Mpeni kalamu. Atafuta baadhi ya sifa, atarekebisha tarehe, ataongeza jina la mtu. Akisema jambo fulani lisisomwe hadharani, likateni mbele yake, alione limekatwa.

Toleo alilolikubali atie sahihi na tarehe. Namba ya jeshi iwe mstari wa kwanza, chini yake kanisa lake na jina la mchungaji au ofisi ya parokia, kisha simu ya ofisi ya Mshauri wa Mgambo, ili siku ya msiba asiwepo mtu wa kuhangaika kuuliza jeshi liarifiwe wapi. Nakala moja iende ofisi ya kanisa, moja kwa mtoto anayeishi naye, moja kwa aliye mbali, na ya nne ibaki kwake mwenyewe, ndani ya lile sanduku la bati, juu ya hati ya shamba.